Hedifoni za waya: je, nimebaki peke yangu?

SWALI: Shikamoo mzee wangu fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro. Simu yangu imevunjika kioo na nyumbani wamenitumia hela ninunue nyingine. Nilipofika dukani nikaulizia simu yenye tundu la hedifoni, muuzaji akacheka, akasema siku hizi hakuna mtu anayetumia waya, labda bibi yangu. Zangu za waya ninazo mwaka wa nne sasa na sijaona ubaya wake. Je, watu bado wanazitumia au nimebaki peke yangu? Na nikichukua simu isiyo na tundu nitapoteza nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujabaki peke yako hata kidogo. Nimekaa kwenye meza ya ufundi wa redio na simu hapa Kariakoo miaka ishirini na tatu, na sijawahi kumaliza wiki bila mtu kunishikisha hedifoni za waya akiniambia, "Fundi, upande mmoja umekata." Mtu haleti kwa fundi kitu asichokitumia. Wanaoniletea ni makonda wa daladala, walinzi wa usiku, mama ntilie anayesikiliza mawaidha huku anakatakata vitunguu, wanafunzi kama wewe, na vijana wa studio ndiyo usiseme. Muuzaji alikosea, na afadhali umeuliza kabla hujatoa hela.

Lakini maneno yake yana mahali yalipoanzia. Tundu lile dogo la milimita 3.5 ni mtoto wa tundu kubwa la milimita 6.35 lililokuwa kwenye mitambo ya kuunganishia simu karne ya 19, enzi za mtu kukaa mbele ya ubao akichomeka nyaya kwa mkono ili wewe uongee na mwenzako. Sony walipotoa Walkman ya kwanza, kile kicheza kaseti kidogo cha kutembea nacho, Julai 1979, ilikuja na tundu hilo dogo, na tangu hapo likaenea kote: redio kaseti, kompyuta, mwisho simu. Kwa miaka mingi hedifoni ulizonunua kwa ajili ya kifaa kimoja ziliingia kwenye kingine bila kuulizana kimetengenezwa wapi. Katika kazi yangu ni vitu vichache sana ninavyoweza kuvisifia hivyo.

Tarehe 7 Septemba 2016 Apple wakatangaza iPhone 7 ikiwa haina tundu. Mkuu wao wa masoko, Phil Schiller, alisimama jukwaani akasema sababu ya kuachana nalo ni neno moja: ujasiri. Siku hiyohiyo wakatangaza hedifoni zao zisizo na waya, AirPods. Hawakuwa wa kwanza, maana Oppo R5 ya 2014 nayo haikuwa nalo, ila wao ndio walioburuta wengine. Samsung waliwakejeli kwenye tangazo la 2017, kisha Agosti 2019 wakatoa Note 10 bila tundu. Ukitazama simu zao za bei ya kati utaona hatua yenyewe ilivyopigwa: Galaxy A52 ya 2021 inalo, A53 ya 2022 haina.

Walitoa sababu mbili kubwa: nafasi ndani ya simu, na kuzuia maji. Ya nafasi naikubali. Ukifungua simu ukaona kile kibomba cha tundu kilivyokula pembe nzima karibu na betri, huwezi kubisha. Ya maji siikubali, kwa sababu Galaxy S7 ya 2016 ilikuwa na tundu lake na bado ilihimili kuzama majini. Iliyobaki ni biashara: simu isiyo na tundu humfanya mteja arudi dukani kununua kitu cha pili. Na wapo walioliondoa wakalirudisha. Sony waliliondoa kwenye simu zao kubwa za 2018, halafu 2020 wakalirudisha kwenye Xperia 1 II, kwa kuwa wateja wao ni watu wa muziki na walikuwa wakililalamikia.

Huku kwetu hali ni nyingine tena. Simu za bei ya chini za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, nyingi bado zina tundu. Na kitochi, simu ya vitufe anayotembea nayo baba yako au shangazi yako, karibu kila moja inalo. Kwa hiyo anayesema hakuna anayetumia waya anatazama kabati la simu ghali tu, hajatazama mikononi mwa watu waliosimama kituoni.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito.

Cha kwanza utakachopoteza ni redio. Nalisema hili mbele ya mengine yote kwa sababu wauzaji hawalisemi na wanunuzi hulijua wakiwa wameshalipa. Redio ya FM iliyo ndani ya simu haihitaji bando wala mtandao. Inapokea mawimbi ya kati ya megahezi 87.5 na 108 moja kwa moja kutoka kwenye mnara wa stesheni, kama redio ya mkulima. Lakini redio haishiki bila antena. Wimbi moja la FM lina urefu wa karibu mita tatu, na antena nzuri inataka angalau robo yake, yaani kama sentimita 75. Ndani ya simu hakuna pa kuuweka urefu huo. Mafundi walioziunda wakatumia akili: waya wa hedifoni, ambao kwa kawaida una mita moja na kitu, ndio ukawa antena. Ndiyo maana ukifungua redio bila kuchomeka kitu simu inakuambia uchomeke hedifoni kwanza. Za Bluetooth haziwezi kuifanya kazi hiyo, hata ziwe za bei gani, kwa kuwa hakuna waya wa kukamata wimbi. Hata ukitaka kusikiliza kwa spika ya simu, unachomeka waya uning'inie, kisha unabadilisha sauti itokee kwenye spika.

Wewe upo chuoni, unajua bando linavyoisha katikati ya mwezi. Mpira wa Jumamosi jioni, taarifa ya habari, salamu za usiku, vyote unavipata bure kwa hicho kiwaya. Na siku umeme umekatika mtaa mzima na minara ya simu imezima, stesheni yenye jenereta bado inasikika. Nilikuwa Kilosa kwa dada yangu msimu mmoja wa mvua kubwa, mtandao ukakatika siku mbili. Tulikuwa tunasikiliza habari za barabara na mafuriko kwa simu ya kijana wake, hedifoni zimetundikwa kwenye msumari wa dirisha ili mawimbi yashike vizuri. Nilitazama ule waya ukining'inia nikajisemea, kumbe hiki kitu cha elfu tatu ndicho kimetubeba.

Cha pili utakachopoteza ni matengenezo, na hapo nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Hedifoni za waya hufia sehemu mbili: shingoni mwa pini, unapokunjika ukiweka simu mfukoni, na pale waya unapogawanyika kwenda masikioni. Wiki iliyopita mlinzi mmoja wa usiku aliniletea zake, upande wa kushoto umekufa. Nilimwambia achomeke, nikawa naukunja waya polepole kuanzia kwenye pini kwenda juu, yeye akisikiliza. Kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye pini akaruka: "Hapo hapo, imerudi!" Basi ndipo ulipokatikia. Nikakata juu kidogo ya hapo, nikachuna ganda la mpira. Ndani yake kuna nyaya nyembamba kama nywele, na kila fungu lina rangi yake: jekundu ni sikio la kulia, kijani ni la kushoto, lenye rangi ya shaba ni la pamoja, na la nne la maiki. Katikati yake hupita nyuzi kama za pamba, ndizo zinazouzuia waya usikatike ukivutwa. Fundi mchanga huzilehemu nyaya hizo moja kwa moja akashangaa hakuna sauti. Ile rangi ni vanishi, haipitishi umeme. Inabidi uiunguze kwanza: unaweka tone la risasi ya kulehemu iliyoyeyuka kwenye ncha ya kichomeo, unaupitisha waya ndani yake mpaka utoe moshi kidogo na ncha yake ibadilike iwe ya fedha. Hapo ndipo unaufunga kwenye pini mpya. Dakika kumi na tano, na bei yake haifiki nauli ya kwenda Morogoro. Yule mlinzi akaweka taarabu yake, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akaniangalia bila kusema kitu, akanishika mkono akaondoka.

Linganisha na zile ndogo za Bluetooth. Kila kipande kina betri yake ndogo sana, imegandishwa kwa gundi ndani ya plastiki iliyozibwa. Betri za namna hiyo huchoka. Mwaka wa kwanza zinakupa saa nne au tano, mwaka wa tatu unakuta zinakata kabla hujamaliza somo moja. Wateja huniletea na kunisihi, na mara nyingi inabidi niwarudishie kama zilivyo, kwa kuwa kuzifungua ni kuzivunja. Tena kipande kimoja kikipotea umepoteza jozi. Binti yangu kimemdondoka kimoja akishuka daladala Mbagala, kikaingia mtaroni, na kilichobaki kimelala kwenye droo mpaka leo.

Mengine nitayapitia haraka. Sauti ya Bluetooth inachelewa: simu inaibana, inairusha, hedifoni inaifungua, na yote hayo huchukua kama sehemu moja au mbili za kumi ya sekunde, wakati mwingine zaidi. Kwenye video hutaona tofauti kwa sababu programu nyingi huichelewesha na picha. Kwenye michezo ya simu utaona, risasi inatoka kwanza mlio unafuata. Anayerekodi sauti yake huku anasikiliza mdundo hawezi kabisa kuimba hivyo, na ndiyo sababu kila studio utakayoingia, Sinza au Nairobi, utakuta waya. Pia ukitumia maiki ya hedifoni za Bluetooth kwenye masomo ya mtandaoni, zilizo nyingi hushusha ubora wa sauti ili zipate nafasi ya kurusha na kupokea kwa pamoja, na mwalimu anasikika kama anaongea kutoka ndani ya debe. Za waya hazina shida hiyo.

Sitaki uondoke ukidhani nazichukia za Bluetooth. Ukifanya mazoezi ya kukimbia, ukipika, ukifua, ukiwa na simu yenye chaji iliyochomekwa mbali na wewe, zinafaa kuliko waya unaonasa kwenye kitasa cha mlango. Na ule uvumi kwamba zinachoma ubongo usikutie hofu: nguvu zinayorusha ni ndogo mno kuliko ya simu yenyewe unapoiweka sikioni kupiga.

Na kama kinachokuuma ni kule kuchekwa, jua kwamba huko zilikotoka hizo simu ghali waya umerudi. Vijana wa Marekani na Ulaya wanauvaa kama pambo siku hizi. Kamala Harris, alipokuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliandikwa na jarida la Politico Desemba 2021 kwamba anakwepa Bluetooth kwa sababu za usalama na anatumia hedifoni za waya. Waya hauna cha kunaswa hewani. Mtu wa ngazi ile angeweza kununua zozote alizotaka.

Ikiwa hela yako na simu uliyoipenda vinakulazimisha kuchukua isiyo na tundu, bado waya wako hautupwi. Kuna adapta ya kuchomeka kwenye tundu la chaji la taipu C, upande wa pili ina tundu la 3.5. Ila ujue zipo za aina mbili, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Moja ni waya mtupu: inategemea simu yenyewe itoe sauti ya kawaida kupitia tundu la chaji, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Nyingine ina chipu ndogo ndani inayoigeuza sauti ya kidijiti kuwa ya kawaida, na hiyo hufanya kazi karibu kila mahali. Watu wengi hununua ya kwanza kwa kuwa ni rahisi, wakichomeka simu iko kimya, wanadhani simu ni mbovu. Mwambie muuzaji waziwazi unataka yenye chipu, ujaribu hapohapo kwa simu yako. Kwenye simu kadhaa za Oppo, Vivo na Realme inabidi pia uingie kwenye mipangilio uwashe kitu kinaitwa OTG, la sivyo haitaitambua. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuchaji na kusikiliza kwa wakati mmoja, na tundu la chaji linachoka mapema kwa kuchomekwachomekwa. Tundu la chaji nikilibadilisha utalia bei.

Kabla hujaamua kwamba hedifoni au tundu limekufa, jua magonjwa haya mawili ambayo si magonjwa. La kwanza: mdundo unasikika ila sauti ya mwimbaji imepotea, kama yuko chini ya kisima. Mara nyingi pini haijaingia yote, aghalabu kwa sababu kava la simu ni nene au kuna pamba ya mfukoni iliyojisokota tunduni. Ule waya wa pamoja ukikosa kugusa, masikio mawili yanakuwa yanatoana sauti, na kilichorekodiwa katikati, ambacho ni mwimbaji, kinafutika. Zima simu, toa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno, si sindano, kisha uchomeke bila kava. Kama bado, bonyeza kitufe cha maiki na ukishikilie. Sauti ikirudi ukiwa umekishika, basi pini yako imepangwa kwa mtindo wa zamani: zile simu za zamani za Nokia na wenzake ziliweka maiki na waya wa pamoja kinyume na zilivyo leo. Hedifoni ni nzima, simu si yake tu. La pili: alama ya hedifoni haitoki juu ya kioo hata ukichomoa, na simu haitoi sauti kwenye spika. Hapo kuna unyevu au uchafu, na kuchomeka na kuchomoa mara kadhaa mara nyingi kunatosha.

Mambo ya usalama nakuomba uyashike, mwanangu. Usivae hedifoni za waya simu ikiwa imechomekwa kwenye chaja ya bandia. Chaja nzuri inatenganisha umeme wa ukutani wa volti 230 na ule unaoingia kwenye simu. Zile za kuokoteza hazina utenganisho wa kuaminika, na siku ukivuja, waya unaoishia masikioni mwako ndiyo njia yake. Nimefungua chaja za namna hiyo nikakuta ndani hakuna hata nusu ya vitu vinavyotakiwa kuwemo. Ukiwa juu ya bodaboda au unavuka barabara, zitoe, ziwe za waya au zisiwe. Na sauti ipunguze. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) usizidishe saa 40 kwa wiki, na zikifika 90 ni saa nne tu kwa wiki nzima. Ndani ya daladala lenye kelele kila mtu anapandisha bila kujua. Zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio husaidia, kwa kuwa kelele za nje zinapungua na huhitaji kupandisha. Mlio unaobaki masikioni ukishazitoa usiupuuze, maana nimeona vijana wa ngoma wakizoea mlio huo hadi wakawa hawasikii tena ndege asubuhi.

Kwa hiyo, kama unaniuliza ungekuwa binti yangu ningekununulia nini, ningekununulia simu yenye tundu. Hapo hujajinyima kitu, kwa sababu simu hiyohiyo inayo Bluetooth pia, na siku ukitaka utanunua hizo nyingine. Isiyo na tundu imekuchagulia.

Rudi dukani na hedifoni zako mwenyewe, hizo za miaka minne. Chomeka pini mpaka usikie imegota, weka wimbo wenye mwimbaji unayemjua vizuri, sikiliza sikio moja moja. Izungushe pini taratibu tunduni: sauti ikikwaruza au ikikatika, tundu limelegea, omba nyingine. Bonyeza kitufe cha maiki wimbo usimame, mpigie rafiki yako uongee naye kidogo. Halafu fungua redio, toka nje ya duka kidogo, iache itafute stesheni. Usikubali kuambiwa redio ipo kwenye programu ya kupakua, maana hiyo inakula bando na si redio unayoitaka. Ukipata sauti pande zote mbili na stesheni zikashika bila kukwaruza, mlipe na udai risiti.